Gumzo la familia: Anwani ya kipimajoto cha chumba cha baridi, Lindi

Mjomba Bakari: Asalaam aleikum wanafamilia. Tangu ruta ya zamani ilipoungua tukaweka hii mpya inayotumia laini ya simu, kipimajoto cha chumba cha baridi hakionekani tena kwenye simu yangu. Kifaa chenyewe kinawaka, na kioo chake kinaonyesha nyuzi joto hasi 19, lakini nikiandika ile anwani niliyoizoea, 192.168.1.50, simu inazunguka mpaka inakata tamaa. Ndani kuna pweza na nguru waliogandishwa wanaosubiri gari la Dar es Salaam, na usiku hakuna mtu anayelala dukani. Shaibu, tufanyeje?

Shaibu: Waaleikum salaam. Shikamoo Mjomba. Kabla hatujakigusa kifaa, naomba Somoe aangalie mambo mawili: kwanza, taa ndogo zilizo pale kebo ya mtandao inapoingia kwenye kipimajoto, kama zinawaka, pili, simu yake ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya dukani, afungue maelezo ya mtandao huo na kutuandikia anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, iliyopewa simu pamoja na anwani ya ruta.

Mjomba Bakari: Marahaba.

Somoe: Shikamooni nyote. Nimevuka kutoka Kitunda asubuhi na sasa nipo dukani. Taa zinawaka, na ya kijani inapepesa. Anwani ya simu yangu ni 192.168.8.103, na ya ruta ni 192.168.8.1.

Shaibu: Basi kebo ni nzima na kifaa ni kizima. Ruta ya zamani ilikuwa na mtandao unaoanza na 192.168.1, na hii mpya imekuja na mtandao wake unaoanza na 192.168.8. Kipimajoto kilipofungwa kiliandikiwa anwani ya kudumu kwa mkono, kwa hiyo hakikuwa na sababu ya kuibadilisha ruta ilipobadilika. Ni kama mtu aliyehamishiwa Mikindani huku barua zake bado zinapelekwa Nachingwea. Sabneti maski yake ni 255.255.255.0, maana yake namba tatu za mwanzo ndizo zinazotaja mtandao na ya mwisho inataja kifaa. Vifaa viwili vikitofautiana katika zile tatu, havizungumzi moja kwa moja hata vikiwa vimechomekwa kwenye ruta moja.

Mama Mdogo Zainabu: Kwa nini basi tusikiachie kipimajoto kipewe anwani na ruta, kama simu zetu zinavyopewa? Simu ya Somoe haikumsumbua mtu yeyote siku ruta ilipobadilishwa.

Shaibu: Swali hilo ni la msingi, Mama Mdogo, na mafundi wengi wangekuunga mkono. Utaratibu huo unaitwa DHCP: kifaa kinaomba, ruta inakipa anwani kwa muda. Unaweza pia kuiagiza ruta imtambue mgeni huyu kwa anwani yake ya MAC, namba ya utambulisho kiliyopewa kiwandani, ile iliyochapishwa kwenye kibandiko mgongoni mwa kifaa, na kumpa namba ileile kila anapoomba. Katika ofisi yenye vifaa vingi mimi mwenyewe ningefanya hivyo.

Baba Mdogo Athumani: Nami nipo Mtwara nawasoma. Shaibu, fikiria umeme unapokatika usiku na kurudi alfajiri. Kipimajoto kinaamka kwa sekunde chache, lakini ruta ya laini ya simu inahitaji dakika kadhaa kabla haijawa tayari. Kifaa kitaomba anwani na hakuna wa kujibu. Hapa kazini kwetu nimeona vifaa vya aina hiyo vikijipa vyenyewe anwani inayoanza na 169.254 na kubaki nayo mpaka mtu avizime na kuviwasha upya. Kipimajoto kinachopotea mara tu baada ya umeme kukatika kinapotea wakati uleule ambao samaki wako hatarini.

Shaibu: Nakubaliana nawe, Baba Mdogo, na hiyo ndiyo sababu ya kubaki na anwani ya kudumu. Kifaa kizuri hakitakiwi kukwama kwenye 169.254, kinatakiwa kuendelea kuomba, lakini vifaa vya bei nafuu havifuati hilo siku zote. Tutaandika anwani ndani ya kifaa chenyewe, ila tutaichagua nje ya zile ambazo ruta inawagawia wageni. Somoe, fungua ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, utuambie inagawa kuanzia namba ipi hadi ipi.

Somoe: Inaanzia 192.168.8.100 na kuishia 192.168.8.200.

Shaibu: Vizuri. Tutatumia 192.168.8.20. Tukichukua iliyomo katikati ya hizo, siku moja simu ya mteja itapewa namba hiyohiyo, na vifaa viwili vyenye anwani moja huonekana na kupotea kwa zamu, jambo ambalo linachosha sana kulitafuta. Kwenye kompyuta mpakato iliyounganishwa na ruta, ipigie pingi 192.168.8.20, yaani uitumie ujumbe mfupi wa kuibisha hodi, uone kama kuna anayejibu. Ukimya peke yake hautoshi kuwa uthibitisho, kwa kuwa vifaa vingine vimewekwa visijibu pingi, lakini ukijumlisha na kuwa nje ya mgao wa ruta, unatosha kwa duka letu.

Somoe: Hakuna aliyejibu.

Shaibu: Sasa zima Wi-Fi ya kompyuta. Chomoa kebo ya kipimajoto kwenye ruta na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Katika mipangilio ya mtandao wa kebo, acha ile ya kupata anwani moja kwa moja na uandike kwa mkono 192.168.1.10, maski 255.255.255.0, na sehemu ya lango, yaani anwani ya ruta ambayo kifaa hupitia kutoka nje, uiache wazi. Kwa namna hiyo kompyuta inahamia kwa muda katika mtandao wa zamani ambako kifaa bado kinaishi. Kisha andika 192.168.1.50 kwenye kivinjari.

Somoe: Ukurasa umefunguka! Umeniomba nenosiri, nimetumia lile la kwenye kitabu cha maelekezo na limekubali.

Shaibu: Limekubali, na hilo si jambo la kufurahia, tutalirudia. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, andika anwani 192.168.8.20, uhifadhi. Ukurasa utaganda hapohapo. Usiubonyezebonyeze, kwa sababu kifaa kimeshahama na wewe umebaki nyuma. Irudishe kompyuta katika hali ya kupata anwani yenyewe, rudisha kebo ya kipimajoto kwenye ruta, washa Wi-Fi, ufungue anwani mpya.

Somoe: Nimefanya yote. Ninaona hasi 19 kwenye kompyuta na kwenye simu. Mjomba, jaribu nawe ukifika dukani. Ila nimebonyeza kitufe cha kutuma barua pepe ya majaribio, nacho kimesema imeshindikana. Tarehe nayo inasoma 1 Januari 1970.

Baba Mdogo Athumani: Angalia lango.

Shaibu: Naam. Kifaa kikionekana ndani ya duka lakini kikashindwa kutoka nje, cha kwanza kutazama ni lango. Bado limeandikwa 192.168.1.1, yaani ruta iliyokufa. Weka 192.168.8.1, na kwenye seva ya DNS weka hiyohiyo, kwa sababu bila DNS kifaa hakiwezi kuligeuza jina la seva ya barua kuwa anwani. Tarehe ya 1970 inatokana na hilohilo: saa za mashine nyingi huhesabu kuanzia siku hiyo, na kifaa kisichoweza kufika kwenye seva ya muda kinabaki pale kilipoanzia. Ikiwa saa imepotea, kifaa nacho kinaweza kuzikataa seva za barua zinazotumia usimbaji, kwa kuwa kwake kila cheti cha usalama kitaonekana hakijaanza kutumika.

Somoe: Nimebadilisha nikakizima na kukiwasha. Tarehe imekuwa sahihi, na barua ya majaribio imefika kwa Mjomba na kwangu.

Mjomba Bakari: Nimeipata hapa nyumbani, ahsanteni sana. Sasa nami nina ombi. Mwezi ujao ninasafiri, na ningependa kuufungua ukurasa huo nikiwa mbali. Kuna kijana ameniambia tufungue poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, basi.

Shaibu: Mjomba, kwa heshima, hilo nakuomba tusilifanye. Kwanza, laini nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja. Ukikuta ruta yenyewe imepewa anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ujue uko katika kundi hilo, na kufungua poti hakutasaidia chochote. Pili, hata ingewezekana, mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilijaza jeshi lake kwa kamera, virekodi vya video na ruta ambazo wenyewe hawakubadilisha manenosiri ya kiwandani, kisha mwezi Oktoba mwaka huo likaishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi kubwa hazikufikika kwa saa kadhaa. Nenosiri alilotumia Somoe leo ni la namna hiyohiyo. Barua pepe inatoka ndani kwenda nje, haihitaji mlango wowote ufunguliwe. Mpangie kifaa kikutumie onyo joto likipanda juu ya hasi 15, na taarifa ya kawaida kila asubuhi, ili siku isipokuja ujue kuna kasoro hata kama hakuna onyo.

Mama Mdogo Zainabu: Hiyo ya kila asubuhi ndiyo nimeipenda. Onyo pekee lisingetuambia kitu kama umeme umekatika na ruta nayo imezimika.

Mjomba Bakari: Nimekubali. Somoe, ukibandike kifaa karatasi yenye anwani mpya, maski na lango, na uandike pia ile namba ya MAC. Nenosiri jipya usiliandike hapo wala humu kwenye kikundi.

Somoe: Sawa Mjomba. Nalibadilisha sasa hivi, halafu nitakupigia simu nikutajie.