Familia ya Bibi Tatu: jina la mtoto

Kaka Rama: Assalaam alaykum. Mke wangu na binti yetu wako nyumbani, wazima. Akika siku ya saba inshallah. Jina bado.

Nasra: Bado kwa nani? Mimi nishachagua. Nayla.

Mjomba Athumani: Hilo la mtoto au la sabuni? 😂

Nasra: Mjomba 🙄

Zaituni: Bibi niko naye hapa barazani, naandika anavyosema: "Mtoto huitwa kwa siku aliyokuja au hali aliyoikuta. Mimi Tatu, nyuma ya Mosi na Pili, baba hakuumiza kichwa. Yule Sikujua aliitwa hivyo kwa sababu mama alidhani ni bandama, kumbe mimba. Mashaka alizaliwa babu yenu kapotelea baharini siku nne."

Mjomba Athumani: Na Mwanaidi, Saumu, Arafa, Ashura. Kalenda nzima imo ndani ya ukoo huu.

Nasra: Ndiyo hayo. Mtoto wa siku hizi umwite Mwajuma? Wachekeshaji wameshaligeuza jina la mwanamke wa kusutana uani. Darasani watamla mzimamzima.

Zaituni: Bibi anauliza, mbona Siti binti Saad alizaliwa akaitwa Mtumwa, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay? Na Bi Kidude ni Fatuma binti Baraka. Nani alimcheka?

Nasra: Wote wawili tunawajua kwa majina mengine, Bibi. Umenisaidia hoja.

Kaka Rama: 😂😂 Bibi kakaa kimya.

Zaituni: Hajakaa kimya, anatafuta miwani.

Mama Rama: Jina kamili ni la cheti na la kaburi. La kuitia ni jingine. Khadija ni Dija, Zuhura ni Zuu. Kifungua mimba wangu nilimpa jina la mama mkwe, na mkwe hatajwi jina. Sasa akimwaga uji nitamfokeaje? Nikawa namwita "Bibi". Mpaka leo ana miaka 34 na anaitwa Bibi.

Nasra: Basi tuseme hivi. Nayla naacha. Lakini nataka fupi, tamu, kama la shangazi wa Mombasa. Mishi. Hilo halichuji.

Mjomba Athumani: 👀

Mama Rama: Jamani nani amwambie.

Shangazi Mishi: Mwanangu, wajua mimi naitwa nani?

Nasra: Mishi 😊

Shangazi Mishi: Mwanahamisi. Na lina tahajia tatu: cheti Mwanahamisi, kitambulisho Mwanakhamis, benki Mwanahamis. Kila nikienda kutoa pesa naulizwa hawa ni wanawake wangapi.

Nasra: Weee!

Nasra: Sawa, nimeshindwa. Alizaliwa Alhamisi, si ndiyo? Mwanahamisi kwenye cheti, Mishi nyumbani.

Zaituni: Subirini. Bibi anauliza saa ngapi.

Kaka Rama: Kadi imeandikwa saa 12:35 jioni.

Zaituni: "Jua likishazama ni usiku wa Ijumaa. Huyo Mwajuma."

Nasra: BIBI 😭

Mjomba Athumani: Hapo kweli. Hesabu ya siku inaanza magharibi, si saa sita usiku.

Shangazi Mishi: Rama, adhana ilikuwa ishaadhiniwa? Fikiri vizuri, mimi nishanunua doti ya kanga.

Kaka Rama: Ngoja. Nilikuwa nimesimama koridoni na chupa ya uji. Nikasikia analia. Nikatoka nje kumpigia Mama, simu haikupatikana. Nilipopiga mara ya pili ndipo muadhini akaanza.

Mama Rama: Kweli, nilipopokea nilisikia adhana kwa nyuma.

Zaituni: Bibi anasema rudia. Alilia kabla?

Kaka Rama: Kabla. Wallahi.

Zaituni: "Basi Mwanahamisi. Kidogo tu angechelewa."

Shangazi Mishi: Somo yangu! Kanga naileta mwenyewe, Jumamosi niko kwenye basi.

Nasra: Shangazi, ukifika usimwambie mtu jina refu 😂