Mafundi wa intaneti ya nyumbani, nani kawaambia ruta inakaa stoo?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira, kwa hiyo asije mtu hapa kunisahihisha tahajia.

Mnawajua ninaowasema. Jina sitaji, hakuna haja. Wale wanaokupigia alfajiri kwamba "tupo njiani Mama", halafu wanakutokea alasiri na ngazi moja, drili moja, na macho yote kwenye saa.

Leo wamekuja kunifungia faiba. Nyumba ipo Tabata, ya kawaida tu, sebule katikati, vyumba vimeizunguka. Nilishaondoa mapambo yangu yote juu ya kabati la tivii, soketi ipo pale pale, nikamwonyesha kijana kwa kidole: ruta ikae hapa, juu, katikati ya nyumba. "Sawa Mama." Nikaingia jikoni kumchemshia chai. Natoka na kikombe, RUTA IPO STOO.

Stoo! Nyuma ya mlango wa chuma, usawa wa goti, kati ya gunia la mchele na madumu ya maji. Namuuliza, mwanangu, mbona huku? Akanitazama usoni, akapokea chai, akasema: "Mama, mtandao ni kama harufu ya pilau, hata ukipikia uani ndani itafika."

Harufu ya pilau! Ananiambia mimi, nyumbani kwangu, chai yangu mkononi mwake!

Sasa hivi gunia la mchele linaweza kuangalia mpira wa Uingereza mubashara bila kukwama hata mara moja. Mimi niliyelipa nasimama korido, simu juu ya kichwa, natafuta vijiti viwili. Kikao cha kazini jioni hii nimekifanyia humo humo stoo, nimekalia dumu, bosi wangu anauliza kama nimehamia godauni.

Na waya je? Kaupitisha kwenye fremu ya mlango, kaukunja kona ya mraba kabisa, kaubana kwa misumari. Kila mlango ukifungwa unaung'ata. Tundu la ukutani kalitoboa kutoka nje likishukia ndani. Masika yakianza, maji yote ya Tabata yatapita pale kuja kunisalimia kwenye ukuta nilioupiga skimu juzi tu.

Hayo yote nasamehe. Pilau sisamehi. Anakunywa chai yangu halafu ananifundisha pilau!

Paka Shume: Dada shukuru Mungu hakuiweka chooni. Ungekuwa unafanya vikao umekalia ndoo.

Kete Nne: 😂😂😂 Hilo gunia la mchele lina kasi gani? Naomba nenosiri lake.

Msumari Mkavu: Swali dogo tu mwenye uzi. Dakika zote hizo anatoboa ukuta, drili inalia mtaa mzima, wewe ulikuwa unachemsha chai au unachemsha kwato?

Mama Tabata: @Msumari Mkavu nilikuwa namchemshia YEYE chai. Yeye! Nilishamwonyesha mahali kwa kidole, akasema sawa. Ulitaka nimshike mkono? Alikunywa mpaka tone la mwisho, ndipo akaleta habari za pilau.

Fundi Mstaafu: Nimefanya kazi hizi, ngoja niseme. Stoo yako bila shaka ipo upande wa nguzo. Hapo aliokoa waya na muda, hakuna siri nyingine. Lakini kosa ni kubwa. Ruta inatoa mawimbi ya aina mbili. Ya 5 GHz ndiyo yenye kasi, ila ukuta yanauogopa. Tofali za saruji mbili tatu, yamekwisha. Yale ya 2.4 GHz yanapenya zaidi lakini ni ya polepole, na ndiyo hayo hayo yanayovurugwa na maikrowevu ikiwashwa. Sasa weka mlango wa chuma mbele, chuma inarudisha mawimbi. Weka madumu ya maji pembeni, maji yanayanywa. Huyo kijana kakusanya maadui wote wa waifai chumba kimoja.

Kuhusu waya: ndani ya faiba hakuna shaba, kuna uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ukiukunja kona kali mwanga unavujia pale kwenye kona. Unatakiwa upinde kwa duara, tena ubaki mwingine kidogo umezungushwa pembeni kwa ajili ya siku ya kuhamisha. Angalia kisanduku, kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, ujue mwanga haufiki.

Mama Tabata: @Fundi Mstaafu inawaka nyekundu SASA HIVI naandika kwa bando la simu!! Mlango umefungwa na upepo.

Fundi Mstaafu: Fungua mlango taratibu, usiuvute waya. Kesho wapigie waje kung'oa misumari na kubadilisha kipande kilichokunjwa. Kama hawataki kuusogeza, mwambie kisanduku cha faiba kibaki pale ulipoingilia, halafu avute waya wa Cat6, ule wa mtandao wa shaba, kupitia darini mpaka sebuleni, ruta ikae juu ya kabati. Waya huo unafika mita 100, nyumba yako huwezi kuzimaliza. Asiufunge pamoja na nyaya za umeme. Na nje, kabla waya haujaingia tundu, uning'inie kidogo kwenda chini ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata ndani. Tundu lenyewe lishukie nje.

Mama Tabata: Sitaki hata msumari wao ubaki stoo. Sitaki! Wakija kesho chai hakuna.

Kete Nne: Wakija kesho watasema mtandao ni kama harufu ya vitumbua.

Mjukuu wa Forodhani: Nyie wa tofali za inchi sita ndio mnaolia? Karibuni Mji Mkongwe huku Unguja. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukinyoosha mkono ndani ya dirisha hufiki nje. Ruta ipo ukumbini, miye nipo chumba cha pili, wapi! Na kutoboa huwezi kutoboa ovyo, mji wa Urithi wa Dunia huu tangu 2000. Fundi alikuja akaupiga ukuta kwa kiganja, akapiga tena, akakunja ngazi yake akaenda zake. Hata pilau hakunambia.

Mpangaji Mpole: Bora nyinyi wote mna ukuta wa kutoboa. Mwenye nyumba wangu Kimara kakataa kabisa kuguswa ukuta. Waya umepita dirishani. Dirisha halifungi, ni mwezi wa mbu huu, watoto wanakohoa kwa moshi wa dawa ya mbu, na mwenye nyumba huyo huyo kachukua nenosiri "la kutuma meseji tu", sasa anaangalia tamthilia usiku kucha mpaka mimi nakwama.

Paka Shume: @Mpangaji Mpole badilisha nenosiri leo leo.

Mpangaji Mpole: Nilibadilisha. Asubuhi yake akaja kuniuliza kodi ya miezi sita ijayo nitalipa lini.

Msumari Mkavu: Hahaha huyo kiboko. Wangu mimi anazima umeme wa nyumba nzima akienda kulala, anasema mita inachoka. Ruta inalala saa nne na mimi.

Fundi Mstaafu: @Msumari Mkavu nunua zile UPS ndogo za ruta, yaani betri ya kuiwasha umeme ukizimwa, za volti 12, Kariakoo zipo. Soma kwanza adapta yako imeandikwa volti ngapi, usije ukaiunguza.

Mama Tabata: Jamani turudi kwenye mada. Mtu anakunywa chai yako ndani ya nyumba yako

Kete Nne: Dada chai tumeshaielewa. @Mpangaji Mpole ehe, kodi ulijibu nini?

Mpangaji Mpole: Nilimwambia mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Akasema mkataba huo aliusaini bila miwani.

Paka Shume: Bila miwani 😂😂😂

Mjukuu wa Forodhani: Huyo mpeleke serikali ya mtaa, usibishane naye mlangoni.

Msumari Mkavu: Serikali ya mtaa ipi? Kwetu mwenyekiti ndiye mwenye nyumba.

Fundi Mstaafu: @Mpangaji Mpole piga picha ukurasa wenye saini uuweke hapa, funika majina. Tuone umeandikwaje.