Intavyu ya kazi ya serikali, naulizwa ati mume atakubali?

BintiLikoni:
Salamu jamani. N'na diploma ya umeme na miaka sita ya vibarua vya waya huku Likoni, Mombasa. Wiki ilopita n'liitwa intavyu ya fundi wa umeme ofisi moja ya serikali, sitaitaja. Alfajiri navuka feri roho juu juu, kufika wazee watano wamekaa, mambo ya umeme hata hawakuniuliza, la kwanza "umeolewa?", la pili watoto wangapi, la tatu ati mume atakubali nipande nguzo usiku. Vijana wawili tulokuwa nao kwa foleni wao waliulizwa transfoma tu. Sasa hii si ile sheria ya theluthi mbili, ati jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti? Na nikilalamika si n'taonekana mkorofi nisiitwe tena kokote?

YakheKisauni:
Pole dadangu, lakini theluthi mbili sahau. Katiba ni ya 2010, na Maraga akiwa Jaji Mkuu alishauri 2020 bunge livunjwe kwa kutopitisha sheria hiyo, likakaa pale pale. Tena kazi hizo zina wenyewe kabla tangazo halijatoka, mke kwa mume sote twalia.

ShangaziTononoka:
Yakhe usimkatishe mwenzio tamaa. Na nyote mmekosea, theluthi mbili ni ya vyombo vya kuchaguliwa ama kuteuliwa, bodi na mabaraza, si ya fundi anayeomba kazi. Yake ni kifungu 27(4) cha Katiba, chakataza ubaguzi, mimba na hali ya ndoa zimetajwa wazi, na 232 chataka wanawake na wanaume wapate nafasi sawa za kuajiriwa, kufunzwa na kupanda cheo kwa utumishi wa umma. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo yamlinda hata anayeomba kazi, na mambo yakifika kortini mwajiri ndiye athibitishe hakubagua. Mwanangu, andika leo leo maswali yote kama yalivyoulizwa na nani aliuliza. Kisha omba kwa barua alama zako na vigezo walivyotumia, sheria ya kupata habari ya 2016 yawapa siku 21 kujibu. Ikiwa ni kazi ya kaunti, rufaa yaenda Tume ya Utumishi wa Umma, usipitishe siku 90.

MamaMapacha:
Mimi swali hilo n'lilijibu "mume wangu hakuomba kazi" wakacheka, na kazi nikapata. Lakini usidhani yaishia hapo! Likizo ya uzazi miezi mitatu n'lipewa bila shida, kurudi nakuta wenzangu washapelekwa kozi ya kupandishwa daraja, ati "tulikuonea huruma una watoto wachanga". Ni swali lile lile la intavyu, limebadilisha nguo tu.

BintiLikoni:
😂 hakuomba kazi! Shangazi nishaandika kurasa mbili. Jina la yule wa katikati ndo silijui, alikuwa na kofia ya kiua, kesho nikivuka n'tamuuliza mlinzi pale getini.