Naomba ushauri: kopo la kunasa oili, la bei rahisi, la fundi au la maana?

Habari wakuu. Nina Subaru Forester ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini), cc 2000, kilomita 148,000. Juzi fundi kafungua mpira wa hewa unaoingia intakula (intercooler, kipozeo cha hewa ya tabo), ndani kumelowa oili. Anasema si ugonjwa, ni mvuke wa injini unaorudishwa kwenye hewa inayoingia injini, niweke kopo la kuunasa njiani.

Nimezunguka Kariakoo siku mbili. Kuna la elfu 70, linang'aa kweli, ila nilipofungua kifuniko ndani ni tupu kama bati la maziwa. Mvuke si utaingia huku na kutokea kule na oili yake? Fundi anataka kunitengenezea kwa elfu 40, kwa chujio la maji la kompresa, ajaze stiliwaya ya kusugulia masufuria. Hapo ndipo roho inasita: vipande vikikatika vikavutwa na tabo, nani atalipa? La tatu ni la kampuni ya Mishimoto, lina vizuizi na chujio ndani, ila mpaka lifike Dar linagonga laki 6. Hiyo ni ada ya mtoto jamani.

Mnaotumia, la bei rahisi likiongezewa wavu mzuri linafanya kazi? Na mipira, ya kawaida inahimili oili au italainika na kubonyea? Naogopa njia ikiziba, presha ikabaki ndani ikasukuma sili nje. Foleni ya Mbagala nashinda nayo kila siku, injini inachemka kwelikweli.

Wanaosema niuze gari ninunue IST, nimewasikia.