Paka wetu anawarukia watu ndani ya nyumba, baba watoto anataka kumtupa. Nifanyeje?

Mama Watatu
Wakuu, habari za jioni. Nimekuja kwenu nimechoka. Tuna paka dume, Chui, ana mwaka na kitu. Tulimchukua kwa jirani akiwa mdogo mno, hata kunyonya hajaacha. Kule tulikokuwa alikuwa analala na watoto, hana neno. Tangu tuhamie Tabata amegeuka. Anajilaza dirishani sebuleni, mara unaona mkia unapigapiga, masikio yamelala nyuma, anatoa mlio wa ajabu, halafu anamrukia mguuni yeyote anayepita. Jana jioni kamng'ata kitinda mimba wangu juu ya kisigino, meno yameingia. Baba watoto kasema Jumamosi anamtia kwenye kiroba akamwage Feri, akale vichwa vya samaki na wenzake. Watoto wanalia, mama mkwe naye kasema paka hatupwi. Nisaidieni.

Kibuyu Tupu
Huyo ana wenyewe. Ulizia hiyo nyumba kabla yenu alikaa nani.

Mstaafu wa Mifugo
Kibuyu, tuache kidogo. Mama, paka baadaye, tuanze na mtoto. Kidonda kimeoshwa? Kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama usiku umepita, na leo hii aende kituo cha afya. Msipake kahawa wala dawa ya meno. Meno ya paka ni kama sindano: juu unaona kitundu tu, kumbe uchafu umezikwa ndani, kesho yake pamevimba. Halafu kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa, paka naye anakipata na anakiambukiza. Chui amechanjwa? Kama hajachanjwa, mwambie daktari hivyo hivyo, aamue kuhusu sindano za kichaa na ya pepopunda.

Na mzee wa kiroba mwambie asubiri. Paka aliyeng'ata mtu anatakiwa awe mbele ya macho yenu siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, maana yake siku ile mate yake hayakuwa na virusi. Mkimtupa Feri mtajuaje? Ila msisubiri hizo siku ziishe ndipo mwende hospitali. Sindano zinaanza sasa, kusimamisha ni uamuzi wa daktari.

Mama Watatu
Asante baba. Tulikiosha jana ile ile, lakini si dakika zote hizo. Chanjo hana. Natoka sasa hivi.

Binti Sahare
Pole dada. Ukirudi nijibu hili: nje ya hilo dirisha kuna nini?

Dawa Moja
Msimsumbue mwenzenu na maswali. Nusu Panadol kwenye dagaa, paka analala, kwisha habari.

Mstaafu wa Mifugo
Atalala moja kwa moja! Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi, anakufa. Hata kipande kinatosha. Tafadhali futa hiyo.

Mama Watatu
Tumerudi, mtoto kaanza sindano, analinga huku na soda yake. Binti Sahare, nje kuna ukuta wa jirani, na kila magharibi linapita dume moja la rangi ya chungwa limejaa makovu usoni. Linakojolea mlango wetu, harufu haitoki.

Binti Sahare
Basi mchawi wenu ndiye huyo. Chui anaona dume mwenzake kaja kwenye himaya yake, wavu unamzuia, hasira zote zinaishia kwenye mguu ulio karibu. Akishapandwa hivyo anaweza kukaa na moto wake masaa kadhaa, kwa hiyo usimbembeleze na usimpige. Kipigo kinamfundisha kuwa na nyinyi ni maadui. Mwelekezeni chumbani kwa ufagio au mto, bila kumgusa, mkamwachie maji na boksi la mchanga, mzime taa, mwondoke. Dirisha lizibeni sehemu ya chini, hata kwa maboksi, asione ukutani. Mlango usugueni vizuri, maana ile harufu nayo ni uchokozi.

Jingine: mlipokuwa mnacheza naye, mlikuwa mnamchezesha kwa mikono?

Mama Watatu
Watoto ndio mchezo wao huo, wanamvizia kwa vidole chini ya shuka.

Binti Sahare
Marufuku kuanzia leo. Paka aliyetengwa na mama yake mapema hakupata wa kumwonyesha kung'ata kunaishia wapi, na nyinyi mkamwonyesha kwamba mkono ni windo. Kamba ndefu yenye kitambaa mwishoni inatosha. Mkia ukianza kupigapiga, mchezo umeisha. Na ahasiwe.

Kibuyu Tupu
Kumhasi ni kumwonea. Dume abaki dume.

Binti Sahare
Kibuyu, njoo basi ulale nao wewe na hilo la ukutani.

Mama Watatu
Baba watoto kakubali kusubiri, kwa kununa. Dirisha tumeziba, Chui yuko stoo anakula vizuri. Sasa kwa daktari nampelekaje bila kuraruliwa?

Mstaafu wa Mifugo
Siku 10 ziishe kwanza, na chanjo yake nayo isubiri hapo. Akianza kutoa udenda, kuyumba au kugoma kula kabla ya hapo, msimguse, piga simu kwa afisa mifugo wa kata na umjulishe daktari wa mtoto. Siku ya safari tumia tenga la kuku lenye kifuniko, funga kamba, funika khanga asione njia. Mwambie daktari mapema kwamba ni mng'ataji, avae glavu. Na kabla ya kumhasi amkague meno, masikio na mgongo, maana kama ameshawahi kupigana na lile dume anaweza kuwa na jipu chini ya manyoya, na paka mwenye maumivu humng'ata hata mwenye kumlisha. Akihasiwa msitegemee atulie kesho yake, homoni huchukua wiki kadhaa kushuka. Dirisha libaki limezibwa.