Mnyoo umepita jichoni mbele yangu nikaukosa: nimpe Mectizan au nisimpe?

Macho_Ziwani

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni AMO (daktari msaidizi) wa macho hospitali ya wilaya huku Kigoma, niko na sista mmoja tu, kwa hiyo swali likiwa la kitoto mnivumilie.

Jumanne asubuhi kaja baba wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa upande wa Isiro, Kongo. Kavuka ziwa miaka mitatu iliyopita, anauza vitenge. Mkononi ana vikaratasi viwili vya zahanati tofauti, vyote vimeandikwa macho mekundu. Tangu lile wimbi la mwanzoni mwa 2024 imekuwa hivyo, jicho likiwa jekundu tu jibu limeshapatikana kabla mtu hajakaa kwenye kiti. Kapewa klorafenikoli, kapewa jentamaisini, halafu mwenyewe kajinunulia matone ya steroidi duka la dawa.

Nikampima. Anaona 6/6 macho yote mawili, kioo cha mbele safi, presha 14. Jicho la kulia lina wekundu kidogo upande wa pua, basi. Nikaanza kumweleza habari za aleji na vumbi la sokoni. Akanikatiza: "Docta, eko natembea. Ngoja tu."

Nikangoja, kwa heshima zaidi kuliko kwa kuamini. Nikiwa bado nimeinama kwenye sliti lampu, ile darubini ya kupimia macho, chini ya konjaktiva (utando laini unaofunika weupe wa jicho) kikajitokeza kitu kama uzi wa kushonea, cheupe, kinang'aa kidogo. Kikajikunja, kikajikunjua, taratibu kabisa, kama mtu anayejinyoosha kitandani asubuhi. Sista alikuwa ameshika kope, akaiachia. Nikaagiza tetrakeini ya ganzi, foseps na mkasi. Kabati lilikuwa limefungwa, funguo ziko kwa mtu wa thieta. Mpaka pakiti inafunguliwa, mnyoo umeshavuka weupe wote wa jicho, umezama kwenye pembe. Nimebaki na foseps hewani. Mgonjwa akaniuliza kwa upole: "Na yeye ananiona?"

Najua ni Loa loa, mnyoo wa jicho. Chuoni tulipewa ukurasa mmoja na picha moja. Ila filaria (minyoo kama nyuzi inayoenezwa na wadudu wanaouma) ninazozijua mimi ni za hapa kwetu, matende na mabusha, na usubi wa kule Mahenge na Tukuyu. Nikamwambia mtu wa maabara natafuta filaria kwenye damu, akasema hamna shida, mlete usiku. Mgonjwa kalala wodini, katolewa damu saa sita usiku. Haina kitu.

Daktari wa zamu anasema Mectizan (ivermektini, dawa ya minyoo) ipo stoo, imebaki ya kampeni, apewe vidonge vyake aende nyumbani. Moyo wangu unasita lakini hoja sina. Nimpe? Na mnyoo wenyewe nitaupataje tena? Halafu ana uvimbe kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, anasema huja na kuondoka wenyewe, hauumi, unawasha tu. Niliupapasa ukiwa mkubwa kama nusu ya limau. Kesho yake haupo.

MzeeRetina

Marahaba kijana. Usimpe. Nenda kwanza kamwambie mwenzako wa zamu asimpe, ndipo urudi usome yaliyobaki.

Maabara wako hajakosea, kajibu swali la mnyoo mwingine. Filaria wa matende watoto wake hutoka kwenye damu ya pembezoni usiku, saa ambayo mbu wao anauma. Loa yeye anasubiri nzi, Chrysops, na nzi huyo anauma mchana. Kwa hiyo watoto wa Loa hujaa kwenye damu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, usiku wanajificha kwenye mapafu. Damu yako ya saa sita ya usiku haijakwambia chochote. Chukua saa sita ya mchana, tone nene lililopimwa kwa ujazo, wahesabiwe. Usikubali jibu la "wapo" au "hawapo". Unataka idadi kwa kila mililita.

Idadi ndiyo inayoamua kila kitu. Mgonjwa mwenye zaidi ya 30,000 kwa mililita ukimpa Mectizan, hao watoto wa mnyoo wanakufa kwa mkupuo na kuziba mishipa midogo ya ubongo. Anaanza kuchanganyikiwa, anashindwa kusimama, anazama kwenye koma. Kameruni waliyaona haya miaka ya tisini walipokuwa wanagawa Mectizan vijijini kwa ajili ya usubi. Na hapa kuna jambo letu sisi watu wa macho: katika wagonjwa wale damu ilionekana imevilia kwenye konjaktiva ya ndani ya kope, na kwenye retina pia. Ukikutana na mtu aliyemeza dawa juzi na leo maneno hayaeleweki, geuza kope.

Mwaka 2015 wilaya ya Okola, hukohuko Kameruni, walizunguka na darubini ndogo iliyounganishwa na simu. Tone la damu la kidoleni, dakika chache, idadi inatoka. Aliyezidi 20,000 hakupewa dawa. Kwa hiyo si kwamba Mectizan ni sumu. Sumu ni kuitoa bila kuhesabu.

Huo uvimbe wa mkono ni wa mnyoo huohuo, unaitwa uvimbe wa Calabar. Argyll Robertson wa Edinburgh, yuleyule wa mboni zisizoitikia mwanga, aliuandika mwaka 1895 kwa mama mmoja aliyekuwa ametoka kuishi Calabar ya zamani. Nasi tunakariri mboni zake tu.

Macho_Ziwani

Mzee nimekuelewa. Nimekimbia wodini, vidonge vilikuwa tayari kwenye kikombe. Asante sana.

Docta_Tshopo

Bonjour ba docta. Niko Kisangani, nasoma hapa nacheka kidogo, si kwa ubaya. Kwetu mtu anakuja kwa ajili ya miwani, unamwuliza mnyoo umepita lini, anakwambia Jumapili iliyopita, kanisani. Hakuja kwa ajili hiyo hata.

Kaka, usiukimbize. Ule uko chini ya ngozi ya mwili mzima, jicho ni njia tu, dakika kumi au ishirini umepita. Mpe mgonjwa namba yako ya simu, mwambie akiusikia aje mbio, asisugue. Joto linauleta juu, baridi inaurudisha chini, njo vile wazee wetu walitufundisha, nami nimeliona mara nyingi. Kwa hiyo usimwekee barafu, na usimweke chini ya feni.

Ukitokea, tetrakeini matone mawili, unapunguza mwendo. Mimi sichomi sindano ya ganzi ya lignokeini kwanza, kwa sababu konjaktiva inavimba kama puto na mnyoo unapotea ndani. Shika kwa foseps konjaktiva pamoja na mnyoo, katikati ya mwili wake. Si mkia! Ukishika mkia utabaki na mkia. Pitisha uzi chini yake, funga taratibu, sasa hauendi popote. Njo unakata konjaktiva kidogo pembeni, unauvuta polepole kwa foseps mbili, mkono huu, mkono ule. Mwenye haraka anaukata vipande viwili.

Na mwambie mgonjwa ukweli: kuutoa huo si kupona. Wengine wapo, na wanaweza kuishi miaka zaidi ya kumi. Huyo wako ameondoka Kongo miaka mitatu, haishangazi hata kidogo.

Ghuba_Macho

Assalaam alaykum. Nipo Muscat, asili yangu Unguja. Naongeza dogo tu maana mada imenikumbusha.

Huku tunapata kinyume chake. Anakuja mchunga mbuzi, anasema kitu kimempiga jichoni akiwa kwenye upepo, tangu hapo anasikia kama mchanga unaotembea. Ni nzi wa kondoo, Oestrus ovis, anarusha viluwiluwi vyake vichanga bila hata kutua. Ni vyeupe, milimita moja hivi, vina ndoana nyeusi mdomoni, na vinaogopa mwanga. Ukiwasha sliti lampu vinakimbilia kwenye mfuko wa kope. Mara ya kwanza nilimwambia mgonjwa hana kitu, nikamrudisha nyumbani. Karudi jioni na mkewe, mke kavishika viwili kwa ncha ya kitambaa, kaniwekea mezani. Tangu siku hiyo napunguza mwanga, natia ganzi, nageuza kope zote mbili, nahesabu huku natoa, na kesho yake namwita tena. Mara moja nilikuta kumi na moja.

Nimeyasema haya kwa sababu wafugaji mnao na huko kwenu. Mgonjwa akisema kitu kinatembea, msiandike aleji.

Macho_Ziwani

Narudi na habari. Samahani kwa kukaa kimya, wiki hii tulikuwa na kambi ya mtoto wa jicho.

Damu tumechukua Alhamisi saa sita mchana. Mtu wa maabara, yuleyule wa "mlete usiku", alinipigia simu mwenyewe: njoo uone wanacheza. Kwenye tone bichi walikuwa wanapiga mijeledi katikati ya chembe nyekundu kama viluwiluwi vya mbu kwenye pipa. Kwenye mikrolita 20 kahesabu 37, yaani 1,850 kwa mililita. Kisha akapaka rangi akanionyesha mkia: viini vimejipanga mpaka ncha ya mwisho, wakati wale wa matende ncha yao huwa tupu. Kafurahi kuliko mimi, kaificha ile slaidi kwenye droo yake. Eosinofili, zile chembe nyeupe zinazopanda mtu akiwa na minyoo, asilimia 31.

Mnyoo umerudi Jumamosi, mgonjwa akiwa sokoni. Kapanda bodaboda huku kajifunika uso kwa kitenge kipya chenye lebo, nadhani aliiogopa ile baridi ya upepo niliyomwambia. Safari hii pakiti ilikuwa mezani kwangu tangu Alhamisi, na funguo za kabati ninazo mfukoni. Nilifanya kama alivyosema Docta wa Tshopo, katikati ya mwili, uzi wa 8-0 chini. Kuuvuta kulichukua kama dakika tatu, nami naona ni saa nzima. Kuna mahali ulinasa, nikataka kuvuta, nikakumbuka vipande viwili, nikasubiri, ukajiachia wenyewe. Niliunyoosha kwenye rula: sentimita 5.2, nafikiri jike kwa urefu huo. Uko kwenye fomalini.

Kwa kuwa kwao usubi upo pia, nimemchukua vipande viwili vya ngozi kwenye nyonga, saa 24 kwenye maji ya chumvi, hakuna kilichotoka.

MzeeRetina

Vizuri sana, hapo kwenye ngozi ulinitangulia. Angekuwa na usubi, DEC (dietilkabamazini, dawa ya filaria) ingemwashia moto mwili mzima, na macho yangekuwa ya kwanza kuumia. Kwa 1,850 uko chini sana ya 8,000, ambao ndio mpaka wa kutoa DEC, basi DEC ndiyo dawa yake: miligramu 8 hadi 10 kwa kilo kwa siku, igawe mara tatu, siku 21. Mlaze siku za mwanzo, awe na dawa ya mwasho karibu, maana ataanza kuwasha na kuvimba huku na huku wanapokufa. Asiogope akiona mistari inapita chini ya ngozi.

Nani mwenye DEC huko?

Macho_Ziwani

Hapa hatuna. Tumeomba kupitia mkoani, wameahidi. Mgonjwa yuko vizuri, jicho limetulia, nimempokonya yale matone ya steroidi. Alimtumia mama yake picha ya chupa, mama akamjibu kwa sauti akicheka: ni hilo tu ulilazwa?

Docta_Tshopo

Mama amesema kweli.

Ghuba_Macho

Picha tafadhali, kaka. Ya mnyoo na ya jicho.

Macho_Ziwani

Nilimwomba ruhusa leo asubuhi. Ya mnyoo kasema niweke, hauna undugu naye. Ya jicho lake kakataa.