Majirani Luchelele, Mwanza: hoho siku ya tisa, trei bado nyeusi

Mama Kulwa, 06:48
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Trei ya hoho leo ni siku ya tisa na hakuna hata moja iliyochungulia. Mbegu za pakiti, lebo ya TOSCI, wale wathibitishaji wa mbegu, ipo, tarehe haijapita. Maji zinapata asubuhi na jioni. Nimwage nianze upya?

Baba Doto, 06:51
Siku tisa, mwezi wa saba? Mama Kulwa una haraka kuliko daladala ya Buhongwa.

Neema wa Miche, 06:55
Usimwage. Kwanza uangalie. Chukua kijiti cha meno, fukua vishimo vinne, viwili vya pembeni na viwili vya katikati. Toa mbegu taratibu uiweke kiganjani, kisha uibonyeze kidogo kwa ukucha. Ikiwa bapa na ngumu kama ilivyotoka kwenye pakiti, haijanywa maji. Ikiwa imevimba, inabonyea kidogo na haina harufu, iko hai, irudishe ulale. Ukiona kidoto cheupe kwenye ncha, huo ni mzizi, siku tatu nne utaona kichwa. Lakini ikipasuka kama uji na kunuka, hiyo imeoza. Ukishaona ndiyo tuongee.

Mama Kulwa, 06:56
Sawa, ngoja niwashe jiko kwanza.

Bwana Shamba, 07:10
Marahaba Mama Kulwa. Wakati unaangalia, tulianze suala la joto. Hoho kwenye udongo wa nyuzi 25 hadi 30 hutoka siku ya 8 mpaka ya 10. Udongo ukiwa nyuzi 20 inakwenda karibu wiki mbili. Ukiwa 15 inaweza kufika siku 25. Nyanya ni nyepesi zaidi: siku 6 kwenye nyuzi 25, siku 14 kwenye 15. Sasa huku kwetu Julai mchana jua lipo, lakini usiku baridi inashuka, na trei ina udongo kiganja tu, haina pa kutunzia joto. Ukiiweka juu ya sakafu ya simenti usiku kucha, inapoa kabisa. Zile siku za kwenye pakiti ni za joto zuri, siyo za barazani kwako alfajiri.

Bwana Shamba, 07:12
Kwa hiyo usiku ingiza ndani, karibu na jikoni. Iwe juu ya ubao au matofali, isiguse sakafu. Unaweza kuifunika nailoni angavu mpaka mche wa kwanza utoke, siku hiyo hiyo unaiondoa. Mchana usiiache juani ikiwa na nailoni, ndani panapanda kupita nyuzi 40 na mbegu zinapikwa.

Mama Kulwa, 07:31
Nimefukua. Moja imevimba vizuri. Moja ngumu. Mbili uji, na zinanuka kama maji ya dagaa.

Neema wa Miche, 07:32
Hizo mbili ni za katikati?

Mama Kulwa, 07:33
Ndiyo. Umejuaje?

Neema wa Miche, 07:34
Trei imekaa juu ya nini?

Mama Kulwa, 07:36
Ndani ya beseni. Ili maji yasipotee.

Neema wa Miche, 07:37
Haya. Ndiyo hapo. Itoe sasa hivi.

Neema wa Miche, 07:44
Watu wengi wanadhani mbegu isipoota imekosa maji. Mara nyingi imekosa hewa. Mbegu kavu imelala, inapumua kidogo sana. Ikinywa maji inaamka, na kuanzia hapo inapumua kwa nguvu, maana inachoma akiba yake ya wanga na mafuta ili isukume mzizi. Vile vitundu vilivyo chini ya trei ni vya kutoa maji ili hewa iingie. Ukizamisha trei kwenye beseni, nafasi zote za hewa kwenye udongo zinajaa maji, mbegu inakosa pumzi, inakufa, halafu vijidudu vinamalizia. Pembeni pamepona kidogo kwa sababu upepo wa ziwani unakausha kingo kwanza. Ile ngumu nayo ilikuwa pembeni?

Mama Kulwa, 07:45
Kona kabisa.

Neema wa Miche, 07:45
Hiyo upepo umeikausha. Trei moja, magonjwa mawili.

Mzee Masanja, 07:58
Mambo haya mnayajua wote, ila hamjayafikiria. Kimea mnatengenezaje? Ulezi au mtama unalowekwa usiku mmoja. Asubuhi maji yanamwagwa YOTE. Punje zinawekwa kwenye gunia lenye unyevu, unene wa vidole vitatu, unafunika. Unanyunyizia, unageuza asubuhi na jioni. Siku ya pili ya tatu umeota. Kwa nini unageuza? Ukiingiza mkono katikati ya gunia unakuta joto. Punje zinapumua, zinatoa joto. Usipogeuza za katikati zinaoza. Hakuna mtu anaotesha kimea ndani ya ndoo ya maji.

Mzee Masanja, 08:00
Na utamu wa togwa unatoka hapo hapo. Punje ikiamka inageuza wanga wake kuwa sukari ili ilishe chipukizi.

Baba Doto, 08:04
Mzee shikamoo. Nina swali la ubishi. Mpunga mbona unaota majini?

Bwana Shamba, 08:15
Swali zuri sana, na jibu lake linamuunga mkono Mzee. Mpunga ni wa pekee. Ukizama unaweza kuchipua bila hewa ya kutosha, ila tazama unachotoa: unatanguliza kichipukizi cheupe kirefu kwenda juu kutafuta hewa, na mzizi unachelewa. Mbegu nyingine zinatanguliza mzizi. Ndiyo maana wakulima wa mpunga hawatupi mbegu kavu kwenye kitalu cha maji. Wanaloweka saa 24, wanamwaga maji, wanafunika kwenye gunia saa 24 hadi 48 mpaka vidoto vyeupe vionekane, ndipo wanasia. Ni kimea kile kile.

Dada Rehema, 08:20
Nimesoma yote. Sasa mtu anajuaje maji yametosha? "Unyevu wa wastani" wa kwenye vitabu haunisaidii.

Neema wa Miche, 08:27
Kamata udongo ngumi moja, ukamue. Maji yakichuruzika, umezidi. Ukiachia ukabaki donge, halafu ukiligusa kwa kidole linavunjika, hapo ndipo. Ukimwagika kama mchanga, mkavu. Kwa trei unatumia uzito: inyanyue baada ya kumwagilia ikachuruzika, mkono ukariri. Ikiwa nyepesi, mwagilia. Ikiwa nzito, iache hata kama ni saa yake. Julai kwenye kivuli mara moja kwa siku asubuhi inatosha, upepo ukiwa mkali ongeza mchana kwa kunyunyiza. Jioni hapana, udongo unalala umelowa na fangasi wanapenda.

Neema wa Miche, 08:30
Na kinyume chake ni kibaya vile vile. Mbegu iliyovimba tu ikikauka, mara nyingi inaweza kuvumilia. Mzizi ukishatoka, ukikauka nusu siku, basi. Haina akiba ya kutengeneza mwingine.

Dada Rehema, 08:33
Na udongo? Mimi nina ule mchanga mchanga wa kilimani na jirani ana ule mweusi wa bondeni.

Mzee Masanja, 08:41
Huo wa kilimani ni luseni. Unapitisha maji na hewa, ila haushiki chakula wala unyevu. Wa bondeni ni mbuga, unashika maji mpaka unafungana, ukikauka unapasuka. Kitalu usifanye kwenye mbuga peke yake.

Bwana Shamba, 08:49
Mchanganyiko wa trei au viriba: ndoo 3 za udongo wa juu (huo luseni unafaa), ndoo 2 za mboji au samadi iliyooza, ndoo 1 ya mchanga au pumba za mpunga zilizounguzwa zikawa nyeusi. Chekecha. Samadi ionekane kama udongo na isiwe na harufu. Mbichi inatoa joto na amonia, mizizi inaungua. Maranda mabichi ya fundi seremala pia hapana, yakioza yananyang'anya mche naitrojeni unabaki wa njano. Na msiweke urea kwenye shimo moja na mbegu. Mbegu imebeba chakula chake cha siku za mwanzo, haihitaji mbolea mpaka majani halisi yatoke.

Dada Rehema, 08:52
Mboji ya magugu maji inafaa? Ufukweni yamejaa.

Bwana Shamba, 08:57
Inafaa ukichukua yasiyo na maua, ukayakatakata, ukayaanika siku mbili tatu, ukayapanga na majani makavu na samadi mpaka rundo lipate moto. Geuza kila wiki mbili. Yenye maua yanakuja na mbegu, na mbegu ya gugu maji inakaa kwenye tope miaka mingi ikiwa hai. Yaliyo midomoni mwa mifereji ya mjini msitumie kwa mboga, gugu hilo linafyonza metali zenye sumu.

Baba Doto, 09:03
Kina je? Kuna mtu hapa anafukia mchicha kama anapanda muhogo.

Dada Rehema, 09:04
Ananisema mimi.

Neema wa Miche, 09:16
Kanuni ya haraka: fukia mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Hoho na nyanya sentimita 1. Maharage 3 hadi 5. Mahindi 5, udongo ukiwa mkavu juu unaweza kuongeza kidogo. Mchicha nusu sentimita au chini ya hapo, yaani unapitisha mkono juu kama unafuta vumbi. Mbegu ya mchicha ni ndogo, akiba yake ni ya safari fupi. Ukiifukia sentimita 3 inaota vizuri tu, ila chakula kinaisha kabla haijaona mwanga. Wewe unasema "hazikuota", kumbe zilifia njiani. Changanya kijiko 1 cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu ndipo unyunyize kwenye mistari, zisirundikane.

Neema wa Miche, 09:19
Maharage yana tabia yake. Yanatoka shingo imepinda kama kulabu, yanavuta yale mapande mawili ya mbegu juu. Udongo ukifanya gamba baada ya mvua, shingo inakatika. Vunja gamba kwa vidole jioni, au nyunyiza maji lilainike. Mahindi hayana shida hiyo sana, yanachoma kwa ncha kama sindano na mbegu inabaki chini.

Dada Rehema, 09:22
Kwa hiyo zote zinataka giza kuota?

Bwana Shamba, 09:26
Nyingi hazijali. Saladi inapenda mwanga, iguse udongo tu na uifunike vumbi. Na ndiyo inayogoma kwenye joto, udongo ukipita nyuzi 30 inalala. Iloweshe na uiweke mahali pa ubaridi. Hoho hapana, usiku wetu huu ndio unaiponza.

Dada Rehema, 09:28
Papai na mlusina, ule mti wa malisho, vipi? Naambiwa ni wabishi.

Neema wa Miche, 09:36
Papai lina ule utando wa utelezi juu ya mbegu, unazuia kuota. Sugua kwenye chujio na mchanga kidogo mpaka utoke, osha, anika kivulini. Panda sentimita 1. Wiki 2 hadi 5. Mlusina una ganda lisilopitisha maji: chemsha maji, epua, mimina juu ya mbegu, acha yapoe usiku kucha. Zilizovimba panda, ambazo hazijavimba rudia. Usizichemshe motoni. Bamia loweka tu saa 12 kwa maji ya kawaida. Parachichi na embe usianike kabisa, mbegu zake zikikauka zimekufa. Panda ndani ya siku chache.

Mama Kulwa, 10:05
Nimerudi. Zikitoka nifanye nini? Mara ya mwisho zilitoka zikalala chini zote kama zimefyekwa.

Bwana Shamba, 10:14
Hicho ni kinyausi. Angalia shingo ya mche pale inapogusana na udongo: imesinyaa, imekuwa nyembamba ya kahawia kama uzi uliolowa. Ni fangasi wa udongoni, na hakuna kurudi, mche ulioanguka umeanguka. Ng'oa pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa, panua nafasi. Kinga ni udongo uliotiwa joto: lowanisha kidogo, weka kwenye pipa juu ya moto, ufikie nyuzi 70 hadi 80 kwa nusu saa, upoe. Usipokuwa na pipa, tandaza, lowanisha, funika nailoni angavu juani wiki 4 hadi 6. Ukikuta shina limekatwa safi kama wembe na mche umelala kando, huyo si kinyausi, huyo ni sota, kiwavi anayejificha udongoni, mfukue asubuhi chini ya mche.

Neema wa Miche, 10:20
Na kama ulifunika kwa nyasi, nusu ya miche ikitoka ondoa, jioni. Ukichelewa siku mbili miche inakuwa mirefu, myeupe, inatafuta mwanga. Shingo namna hiyo hazikazi tena vizuri. Baadaye ongeza jua kidogo kidogo. Wiki moja kabla ya kuhamisha punguza maji na uondoe kivuli. Hoho huhamishwa wiki ya 6 hadi ya 8, nyanya ya 4 hivi.

Baba Doto, 10:24
Na kabla ya kununua pakiti nyingine, pima ile iliyobaki. Mbegu 50 kwenye karatasi ya chooni iliyolowa, kunja, weka kwenye nailoni isiyofungwa kabisa, mahali pa joto. Hoho hesabu siku ya 14. Zikiota 35 ni asilimia 70. Ukitaka miche 200, gawanya kwa 0.7, ni mbegu 286. Ongeza za kufia kitaluni, sia 315.

Dada Rehema, 10:26
Kumbe Baba Doto ana hesabu.

Mama Kulwa, 10:48
Trei iko juu ya matofali, imechuruza maji ya kijivu karibu nusu lita. Vishimo vya katikati navijaza tena?

Neema wa Miche, 10:51
Toa udongo unaonuka wote, weka mpya, mbegu moja moja. Andika tarehe ya leo kwenye kijiti ukichomeke katikati, zisichanganyike na za pembeni. Zile za pembeni zipe mpaka siku ya 20.

Baba Doto, 10:53
Na yule kuku mwekundu anayepita pale afungwe. Matofali mawili kwake ni ngazi.

Mzee Masanja, 11:02
Kuku ni wangu. Nimesikia.